Moshi Unaofunga Mvua

Tulipomzika Mama Eufrasia kule Ukata, milimani, mwezi uliopita, kijana mmoja wa ukoo alisimama na karatasi kusoma historia ya marehemu. Alisoma vizuri, sikatai. Alisema marehemu aliolewa ziwani, akakaa huko miaka mingi, akafiwa na mume, "ndipo akaamua kurudi nyumbani kuendeleza kilimo." Watu wakatikisa vichwa, padri akatikisa kichwa, na mimi niliyekaa mkekani na kina mama wenzangu nikaangalia vidole vya miguu yangu. Akaamua! Hakuamua. Alipandishwa kwenye gari kama mzigo, mimi nikiwepo, na kama kuna mtu anayejua nani alimpandisha, ni mimi. Wangeniuliza pale pale ningesema. Hakuna aliyeuliza. Tukaimba, tukatupa udongo, tukanawa mikono, tukala. Nilirudi ziwani kwa gari la asubuhi nikiwa na hasira nisiyojua niielekeze kwa nani, maana yule kijana siku zile hata kuzaliwa alikuwa bado. Ile karatasi itawekwa kwenye sanduku la mtu, na siku moja watu wataiamini. Ndiyo maana naandika yangu.

Habari za baba na mama yangu naziacha, hazihusiki hapa. Mwaka ninaousema ni ule mvua ilipokatika katikati, miaka ile soko huria lilipoanza kutufikia. Nguo za mitumba zilikuwa zimejaa, chama cha ushirika kule milimani kilikuwa kinakufa huku wanunuzi wa kahawa wakigombana barabarani, na zahanati walikuwa wameanza kutuambia twende na daftari letu na sindano yetu. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Nilikuwa nimetoka Mbinga mjini, nilikokaa miaka miwili nikipika kwa mwalimu mmoja mtu wa Tanga, na huko ndiko nilikopata Kiswahili kilichonyooka. Kijijini kwetu, mwendo wa nusu siku kutoka Lituhi, Kiswahili kilikuwa cha kanisani, cha shuleni na cha ofisini. Nyumbani kila mtu alisema cha kwao. Kwa hiyo niliporudi na Kiswahili changu cha Tanga watu walinitazama kama niliyerudi na baiskeli. Akija mgeni wa serikali, naitwa: "Agnesi, njoo utafsiri." Nilikuwa nimeishia darasa la tano tu, lakini nikisimama mbele ya watu hao nilijiona mwalimu mkuu. Nalisema hili mapema ili msije mkadhani nilikosea kwa kutojua. Nilikosea kwa kupenda kusikilizwa.

Nilikaa kwa Mama Eufrasia, nikifanya kazi yake. Alikuwa Mmatengo wa milimani aliyeolewa kwetu, mjane, hana mtoto aliye hai. Nyumba yake ilikuwa na vyumba viwili. Cha kwake kilikuwa na kitanda cha kamba, sanamu ya Bikira Maria iliyovunjika mkono, na magunia ya samaki wakavu mpaka darini. Mimi nililala cha pili, pamoja na majembe na nyavu kuukuu za marehemu mumewe, na kila asubuhi niliamka nywele zinanuka magege, samaki wetu wa kubanika. Nyuma ya nyumba palikuwa na matanuri yake sita ya udongo, marefu kufika kifuani, kila moja na waya juu na mdomo wa kuni chini. Huko ndiko tulikoishi hasa. Wavuvi walileta samaki asubuhi, tunawapasua, tunawaosha, tunawapanga juu ya waya, na moshi unaanza. Mama Eufrasia alikuwa anawageuza kwa mkono, bila kijiti, samaki baada ya samaki, na vidole vyake vilikuwa vimepoteza kucha mbili. Chakula chetu kilikuwa ugali wa muhogo na vichwa vya samaki, kwa sababu miili iliondoka na pikapu kwenda Mbinga na Songea. Wafanyabiashara wa pikapu hizo walianza kuja baada ya biashara kufunguliwa, na walikwenda kwake moja kwa moja, hawakusimama kwa mwingine. Alikuwa amepaua bati. Wajane wenzake walikuwa kwenye nyasi.

Jirani yetu alikuwa Mama Agata, Mwanglikana, mchekeshaji, mwanamke wa kuanika usipa, wale dagaa wetu, juani kwenye vichanja. Kila siku alikuja kuomba moto na kubaki mpaka saa sita. "Eufrasia," alikuwa akisema, "siku utakayokufa hatutakuosha, tutakufuta tu masizi, ukifika mbinguni watadhani umetoka upande ule mwingine." Mama Eufrasia hakuwa mtu wa maneno. Alijibu, "Wewe usipa wako wanaliwa na kunguru, mimi wangu wanaliwa na mawaziri." Wakacheka wote wawili. Nimelikumbuka hilo mara nyingi, kwamba walicheka. Watu wakisikia habari hii hupenda kudhani walikuwa maadui tangu mwanzo. Hawakuwa maadui. Walikuwa wakiazimiana chumvi.

Mvua ilianza vizuri mwezi wa kumi na moja, tukapanda, kisha ikakatika kama kamba. Krismasi ikapita kavu. Januari mpunga ulikuwa wa rangi ya mkeka, mahindi yamejikunja, na hata mihogo ilianza kudondosha majani, jambo ambalo wazee walisema hawajaliona. Mawingu yalikuja kila siku alasiri, yakasimama juu ya ziwa upande wa Malawi, meusi, unasikia hata harufu, halafu yanageuka kwenda zake. Wakatoliki walifanya novena. Waanglikana walifunga. Jumapili moja walisali pamoja ufukweni, jambo ambalo halijawahi kutokea, na wakatoka pale wakitazamana kwa ubaya, kila upande ukidhani mwingine haukusali kwa moyo. Na chini ya sala hizo kulikuwa na neno jingine, ambalo hakuna aliyelisema kanisani: mvua imefungwa. Kwetu mvua ikikatika haikatiki yenyewe. Kuna mtu kaifunga. Zamani alitafutwa, akaonekana, na baada ya kuonekana hakukaa tena kijijini. Mama yangu aliwahi kuona mzee mmoja akitolewa hivyo. Siku zile zetu watu walikuwa wamesoma kidogo, walikuwa wamebatizwa, walisema hayo ni ya washamba. Lakini alasiri yale mawingu yalipogeuka, kila mtu aliyatazama, kisha akamtazama jirani yake.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Misitu. Simtaji jina, na hata ningelitaja lisingesaidia, maana alikuwa mgeni kutoka mikoa ya ziwa jingine kule juu, na alikaa wilayani kwetu muda mfupi. Alikuja na pikipiki ya serikali na picha kubwa iliyokunjwa, akasema ametoka kwenye semina na ametumwa kutoa elimu. Mwenyekiti wa kijiji alipiga kengele ya shule, watu wakajaa darasani na wengine madirishani. Mama Eufrasia hakuja, alikuwa na samaki kwenye moto. Bwana Misitu aliitundika picha ubaoni: dunia ya duara, juu yake kitu cha kijivu kama shuka, na mishale ya jua inaingia haitoki. Akaanza kusema, nami nimesimama pembeni yake kutafsiri, kitambaa changu cha mitumba kichwani.

"Ndugu wananchi," akasema, "tatizo letu ni hewa ya ukaa."

Kabla sijafungua kinywa, Mama Agata akasema kutoka nyuma, "Hewa ya kukaa? Kwani hii nyingine ni ya kusimama?" Darasa zima likacheka. Mzee mmoja akauliza kama ni kaa wale wa kwenye mawe ziwani. Mwingine akasema hapana, ni kaa la moto, mkaa. Bwana Misitu akachangamka kama mtu aliyeokolewa. "Naam! Huyo mzee amekaribia. Ukichoma kuni, ukichoma mkaa, ukichoma msitu, hewa hiyo inapanda. Inakwenda juu, inatanda, inaifunika dunia kama blanketi. Joto linazidi, majira yanaharibika, mvua zinapotea." Akanigeukia. "Watafsirie."

Nimerudi kwenye dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudi kwenye ndoa yangu. Nilikuwa nimesikia kila neno lake, lakini hewa ya ukaa sikuijua ni nini, na lile blanketi lilinishinda. Ningewaambiaje bibi zetu, wanaolala mlango wazi kwa joto, kwamba angani kuna blanketi? Wangenicheka. Walikuwa wamekwisha kumcheka yeye. Nikatafuta neno ambalo hawatacheka. Nikasema kwa lugha yetu, na kwa Kiswahili ni hivi: "Anasema kuna moshi unaopanda kutoka kwenye moto wetu, ukifika juu unaifunga mvua."

Hakuna aliyecheka. Kimya kilikuwa kizito hata Bwana Misitu akakisikia, akafurahi. Akaniambia, "Vizuri sana, binti. Wameelewa." Na mimi, Mungu anisamehe, nilijisikia vizuri. Aliendelea kuhusu kupanda miti, kuhusu viwanda vya Ulaya na magari mengi ya nchi hizo, na nilitafsiri hayo pia, lakini hakuna aliyekuwa akinisikiliza tena. Walikuwa wamepata walichokuwa wakikitafuta tangu Krismasi. Mwenyekiti aliuliza swali moja tu, kwa Kiswahili chake cha ofisini: "Je, mheshimiwa, moshi ulio mwingi zaidi ndio mbaya zaidi?" Akajibiwa, "Bila shaka, mzee. Kadiri unavyozidi." Nje, wakitawanyika, niliwasikia. Mmoja alisema serikali inataka tuache kuni ili tununue mafuta ya taa. Mwingine akasema hizi ni siku za mwisho, imeandikwa, hakuna la kufanya. Mvuvi mmoja akasema kama ni moshi basi Wazungu wenye viwanda wangekuwa wamekauka kabla yetu, na hilo ndilo neno la akili lililosemwa siku ile, na watu walimwambia anyamaze, amelewa. Kweli alikuwa amelewa. Mama Agata alisimama akitazama upande wa kwetu, mahali moshi wa matanuri sita ulikuwa unapanda wima, kwa kuwa upepo haukuwepo, na juu kabisa ulikuwa unatanda.

Nilimkuta Mama Eufrasia amekaa kwenye kigoda akila. Alinisogezea bakuli. "Alisema nini mtu wa serikali?" Nikamwambia, "Mambo ya miti tu, Mama." Akasema, "Kila siku miti." Akanichagulia kichwa kikubwa, akanipa. Nilikila. Kwa nini sikumwambia? Nimejiuliza, na jibu ni baya: sikutaka aniulize nilitumia neno gani. Ningemwambia siku ile ile, angezima moto kwa wiki moja, akajifanya mgonjwa, mambo yakapoa. Alikuwa mwanamke mwenye akili. Hakupewa nafasi ya kuitumia.

Walikuja siku ya nne, asubuhi, jua limeshapanda. Walikuwa wanawake peke yao. Wanaume walibaki ufukweni wakirekebisha nyavu ambazo hazikuwa na tatizo. Walikuja kimya, khanga zimefungwa viunoni, majembe mikononi kana kwamba wanakwenda shambani, na mbele alikuwa Mama Agata. Mama Eufrasia alikuwa anageuza samaki. Hakuacha.

"Karibuni," akasema. "Leo mmekuja wote kuomba moto?"

"Eufrasia," Mama Agata akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, "zima."

"Nizime nini?"

"Zima matanuri. Watoto wetu watakufa njaa. Wewe una magunia, una bati, unakula mvua yetu."

"Ninakula mvua? Mvua inaliwa na ugali au kavu?" Lakini alikuwa ameona majembe. Akanitazama mimi, nikiwa na karai la samaki mikononi. "Agnesi, hawa wanasema nini?"

Ndipo Mama Agata akanigeukia, na wote wakanigeukia. "Huyo hapo. Yeye ndiye aliyesikia vizuri, sisi wengine Kiswahili chetu ni cha kanisani. Sema, binti. Yule bwana alisema ni moshi, au hakusema?"

Kulikuwa na njia ya kujibu. Najua sasa. Ningesema, alisema mambo mengi, mimi nilichagua moja. Ningesema neno la kufunga halikuwa lake, ni langu. Lakini walikuwa wengi, wenye majembe, na kati yao mama yangu mzazi alisimama pembeni akinitazama kwa macho ya kunionya. Nikasema, "Alisema ni moshi."

Mama Eufrasia akaniangalia kidogo tu. Kisha akasema, "Ngojeni nitoe samaki." Na wakangoja. Hilo huwa linanishinda kueleza watu. Wanawake wale wenye hasira walisimama na majembe yao, wakangoja, huku yeye anatoa samaki mmoja mmoja kwa mkono, anawalaza kwenye mkeka kwa mstari, wakubwa upande huu, wadogo upande ule. Mmoja wao hata alimsaidia kuusogeza mkeka kivulini. Alipomaliza akapiga hatua mbili nyuma, akafuta mikono kwenye khanga. Wakavunja. Udongo uliochomwa miaka mingi hauvunjiki kirahisi, walitoka jasho. Walipofika tanuri la sita Mama Agata alikuwa analia huku anapiga, na hakuna aliyemuuliza analia nini.

Jioni mwenyekiti alikuja na maneno laini, akasema kijiji hakimfukuzi mtu, ila kwa usalama wake mwenyewe ingefaa akapumzike kwao. Wiki ile ile pikapu ilikuja kuchukua samaki, haikukuta wapya, ikachukua magunia yaliyobaki na yeye juu yake. Alibeba kitanda, sanamu na sufuria. Nilishika kamba wakati dereva anafunga mzigo. Gari lilipoanza kupanda mlima lilitoa moshi mweusi uliotanda barabara nzima, na watu waliosimama pale hawakuuona kuwa ni moshi.

Wiki ya tatu mvua ikanyesha.

Nataka mnielewe hapa. Isingenyesha, ningekuwa na njia. Watu wangeanza kunong'ona, labda tumekosea, labda turudi kwa Eufrasia, na mimi ningepata ujasiri wa kusema. Lakini ilinyesha. Ilianza saa nane mchana na watu wakatoka nje wakacheza kwenye matope, wazee kwa watoto, Wakatoliki kwa Waanglikana, na Mama Agata akanikumbatia akaniambia, "Mwanangu, umetuokoa." Iliendelea siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne ilichimba mashamba ya mteremkoni, ikasomba mpunga uliobaki na vichanja vyote vya usipa vya Mama Agata, na tope likaingia ziwani hata maji yakawa mekundu mbali sana. Tulivuna kidogo mno mwaka ule, tulikula maembe mabichi na mizizi. Lakini ukiwauliza, walisema: mvua ilikuja. Wingi wake walisema ni kwa kuwa ilikuwa imefungwa muda mrefu. Kila kitu kilipata jibu. Sijawahi kuona watu wenye njaa waliotulia vile. Na wavuvi, wasiokuwa na mtu wa kuwabanikia, walimwaga samaki waliooza kwenye mchanga wa ufukweni, wakamlaumu mnunuzi.

Bwana Misitu alirudi baada ya Pasaka na miche kwenye mifuko ya plastiki. Nilimfuata pikipiki yake ilipoegeshwa, nikamweleza yote. Alisikiliza huku anavua kofia na kuivaa. "Mimi sikusema hivyo," akasema. Nikamwambia, "Shikamoo kwanza, maana nilisahau. Na kama hukusema hivyo, ulisemaje? Nifundishe niende nikawaambie." Akaanza: hewa ya ukaa ni hewa ambayo, ni gesi, haionekani, siyo moshi hasa, ila inatoka pamoja na moshi. Akasimama. Akasema moto wa mama mmoja ni kama tone kwenye ziwa hili. "Basi njoo uwaambie hivyo." Akatazama ziwa, akatazama saa. Akasema lingewachanganya watu, maana wao wamekwisha kupokea elimu, na yeye kwenye taarifa yake amekwisha kuandika kwamba kijiji chetu kimepunguza matumizi ya kuni kwa hiari. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na hofu, serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi na yeye hakutaka kuwa na kijiji kilichoharibika kwenye taarifa. Aliacha miche. Mbuzi walikula.

Siku hizi neno lile lipo kila mahali. Redio inalisema, wajukuu wangu wanalisema, vijana wa mradi wanakuja na fomu za kutusainisha tutunze miti ili hewa ukaa ikae humo, na watu wanauliza maswali ya maana. Hakuna anayecheka tena. Ziwa limepanda limekula njia ya zamani na makaburi ya Waanglikana, mvua inakuja Oktoba au inakuja Januari au haiji, na kila mtu anaweza kukueleza kwa nini, hata mtoto wa darasa la nne. Inanyesha vile vile inavyotaka. Tulipokuwa hatujui, tulimfukuza mtu. Sasa tunajua, hakuna wa kumfukuza, basi tumekaa tu tunatazama. Nilimuuliza mmoja wa vijana wale, "Waliochoma sana, huko kwao, kuna mtu amewaendea na jembe?" Akacheka, akadhani bibi anatania.

Mwaka ule wa kuvunjwa matanuri haujaisha, mwezi wa kumi na mbili, nilipanda Ukata. Nilipata lifti mpaka Namswea, zaidi ya hapo nikatembea. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima kama mtu anayekwenda kuungama. Mama Eufrasia alikuwa anaishi kwenye kibanda cha kaka yake, mlimani, mashamba ya ngolo yakishuka chini yake mashimo kwa mashimo. Kule nyasi hawachomi, wanazikata, wanazipanga, wanazifukia kwa udongo na kupanda juu yake. Alikuwa amekonda, lakini mikono yake ilikuwa safi, masizi yote yametoka, na nilipoiona nikajua kwamba sikuwahi kuiona rangi yake.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Agnesi. Umekuja kwa miguu? Kaa, nimeweka maharage."

Hakunilaumu. Aliuliza habari za ziwa, habari za Agata na vichanja vyake, na niliposema vimesombwa akasikitika kweli kweli. Maharage yalikuwa yanachemka juu ya mafiga matatu, moto mdogo sana, vijiti vitatu vinne. Basi nikasema. Nilimwambia kuhusu darasa, picha, blanketi, neno langu. Nilimwambia siku ile hakuna mtu wa serikali aliyesema mvua imefungwa, ni mimi, na walipokuja na majembe niliogopa. Nilimwambia moshi wake ulikuwa kama tone kwenye ziwa, yule bwana mwenyewe amekiri. Nilipiga magoti.

Alininyanyua kwa kiwiko. "Acha, mwanangu. Wewe ulisema ulichosikia."

"Sikusikia hivyo, Mama. Ndilo ninalokwambia."

"Iliponyesha huko, mimi nilikuwa hapa," akasema. "Niliiona kutoka hapa, ikitembea juu ya ziwa. Nikahesabu siku tangu wavunje. Mimi si mtoto. Miaka yote ile, matanuri sita, na mimi nafurahia bati." Alisema taratibu, kama mtu anayeeleza njia. "Nimeungama kwa padri. Akaniambia si dhambi. Padri ni mgeni, hajui."

Nikaanza tena, kwa Kiswahili, kwa lugha yetu, kwa Kimatengo kile kidogo alichonifundisha mwenyewe. Nikatafuta neno jingine la kuweka mahali pa lile la kwanza. Sikulipata. Aliniacha niseme mpaka nikaishiwa, na nilipotulia niliona hanitazami tena. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, upande wa magharibi, mawingu yalipokuwa yanaanza kukusanyika, ya kwanza ya msimu. Akainuka haraka kuliko nilivyodhani anaweza, akachukua kata ya maji mtungini, akaumwagia moto. Akavuta vijiti kimoja kimoja, akavikandamiza kwenye tope mpaka hakuna hata uzi wa moshi.

"Mama, maharage hayajaiva."

"Yanatosha," akasema. Akapakua sahani mbili, akanipa moja, akakaa karibu nami akitazama mawingu, nasi tukaanza kuyatafuna, magumu, yanagonga meno.